Kilele Kilichokosekana

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa watoto mjini Göttingen, Ujerumani, walikuwa na mtoto wa kiume wa miezi 22 aliyewaumiza kichwa. Ukuaji wake ulikuwa umekwama. Misuli yake ilikuwa legevu, na viungo vyake vilijinyonga vyenyewe bila yeye kutaka. Picha ya MRI ilionyesha madoa mawili katikati ya ubongo, moja kulia na jingine kushoto, lakini madoa ya namna hiyo yanaweza kuletwa na magonjwa mengi. Ndipo teknolojia ileile ilipotumiwa kwa njia nyingine: safari hii haikutakiwa kuchora umbo la ubongo, ilitakiwa kueleza kemikali zilizomo ndani yake.

Jibu halikuja kama picha. Lilikuja kama mstari unaopanda na kushuka, mithili ya safu ya milima inayoonekana kwa mbali. Kila kilele katika mstari huo kina mwenyewe. Kirefu kuliko vyote kwa mtu mzima wa afya ni cha NAA, kemikali inayokaa ndani ya seli za neva. Kingine ni cha kolini, inayohusiana na utando wa seli. Kati ya viwili hivyo kuna kilele cha kreatini, ambacho wataalamu wamezoea kukikuta kwa kila mtu, kiasi kwamba hukitumia kupimia urefu wa vingine. Kwa mtoto huyu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa tambarare.

Kreatini ni akiba ya haraka ya nishati mwilini, na wanyanyua vyuma huinunua madukani ikiwa unga mweupe. Mwili wenye afya huitengeneza wenyewe; wa mtoto huyu ulishindwa. Alipoanza kunyweshwa kreatini, kilele kikaanza kuchomoza kwenye mstari, na yeye akaanza kupata nafuu. Sylvia Stöckler na wenzake walichapisha taarifa ya ugonjwa huo mpya mwaka 1994, na miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba kilichopungua ni kimeng'enya kinachoitwa GAMT.

Dawa ilikuwa ya bei nafuu na ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kwamba inahitajika. Mjadala wote kuhusu picha za ubongo na magonjwa ya umetaboli unazunguka hapo: picha inaweza kusema nini, inanyamaza wapi, na nani yuko tayari kuupokea ujumbe wake kabla seli hazijafa.

Umetaboli ni ile kazi isiyosimama ambayo mwili hufanya kugeuza chakula kuwa nguvu, kujenga seli na kutupa taka. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Hauna ghala la maana la kuweka akiba. Sukari ikishuka, oksijeni ikikatika, vitamini fulani ikiisha au taka kama amonia ikirundikana, ubongo huwa wa kwanza kulalamika. Baadhi ya matatizo hayo mtu huzaliwa nayo, kwa sababu jeni inayotoa maelekezo ya kimeng'enya fulani ina kasoro. Mengine humpata njiani, kwa ini kushindwa kazi, kwa lishe duni, kwa ulevi wa miaka mingi, au kwa matibabu yenyewe yaliyokwenda kasi mno.

Shida ni kwamba malalamiko ya ubongo yanafanana. Mtoto anashikwa na degedege, anatapika, analala usingizi usioeleweka. Katika Afrika Mashariki jambo la kwanza kufikiriwa ni malaria au homa ya uti wa mgongo, na ni sahihi kuanza hapo, kwa kuwa ndiyo yanayoua wengi. Zipo pia nyumba ambako degedege bado huhusishwa na mashetani au ndege wa usiku, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga. Lakini pale malaria inapopimwa na isionekane, maji ya uti wa mgongo yanapotoka safi, na mtoto wa pili katika familia ileile akaanza kuugua kama wa kwanza aliyefariki, daktari mwenye uzoefu huanza kuwaza kemia.

Anachokitafuta kwenye picha, kabla ya kitu kingine chochote, ni ulinganifu.

Kiharusi cha kawaida hufuata mshipa mmoja ulioziba, kwa hiyo huharibu upande mmoja. Uvimbe huota mahali pamoja. Jipu nalo lina makao yake. Sumu au njaa inayobebwa na damu haichagui kulia wala kushoto: inafika kote, na inaua zile seli zenye mahitaji makubwa zaidi, ambazo ziko pande zote mbili. Mtaalamu wa radiolojia anapoona kulia na kushoto vimeharibika sawasawa, kama mtu na kivuli chake kwenye maji, anajua kwamba pengine haangalii ajali ya mshipa bali hitilafu ya mfumo mzima. Kutoka hapo anaanza kuuliza ni seli zipi hasa zimeumia. Vinundu vya ndani kabisa ya ubongo vinavyoratibu mwendo vina kiu kubwa ya nishati, na ndivyo huungua katika ugonjwa wa Leigh, uliopewa jina la Denis Leigh aliyeueleza mwaka 1951, ambapo mitokondria za seli hushindwa kutoa nguvu. Sehemu moja mahususi ya vinundu hivyo hudhurika kwa manjano kali ya watoto wachanga. Taka ya amonia kwa mgonjwa wa ini hupenda kuumiza kunjo za gamba la ubongo. Kila sumu ina mtaa wake.

Kanuni hiyo ina wakaidi wake. Katika ugonjwa wa mitokondria uitwao MELAS, mgonjwa kijana huja na dalili zote za kiharusi upande mmoja, na picha inaonyesha eneo lililovimba. Akitazama kwa makini, mtaalamu anaona kwamba eneo hilo limevuka mpaka wa mshipa mmoja na kuingia kwenye himaya ya mshipa mwingine, jambo ambalo kiharusi cha kawaida hakifanyi. Wiki kadhaa baadaye doa linaweza kufifia pale na kuzuka kwingine.

Yote haya hayakuwezekana kabla ya miaka ya 1970. Eksirei ya kawaida, iliyogunduliwa mwaka 1895, huonyesha fuvu na si kilichomo. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, na kwa mara ya kwanza ubongo ukaonekana vipande kwa vipande ndani ya fuvu la mtu aliye hai. Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg. MRI ilifuata, kwa kazi ya Paul Lauterbur na Peter Mansfield waliotuzwa mwaka 2003. Yenyewe haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku, ambayo kwa mashine ya kawaida ya hospitali ya tesla 1.5 ina nguvu mara 30,000 hivi ya sumaku ya dunia, na inasikiliza mwitikio wa chembe za haidrojeni zilizo kwenye maji ya mwili. Seli ikivimba, maji yake hubadilika. Ala ya mafuta inayozifunika neva, iitwayo mielini, ikibomoka, maji hubadilika tena. Ndiyo maana MRI huona mabadiliko ya umetaboli ambayo CT huyapita bila kuyatambua.

Hata hivyo CT isidharauliwe, hasa katika ukanda huu ambako ndiyo iliyo karibu na wagonjwa wengi zaidi. Kuna mgonjwa mtu mzima anayetibiwa kifafa kwa miaka, dawa zikiongezwa na kubadilishwa bila mafanikio. CT inapopigwa, vinundu vya ndani vya ubongo vinaonekana vyeupe pe, pande zote mbili, kama vilivyopakwa chokaa. Ni chokaa kweli: madini ya kalisi yaliyojikusanya. Picha hiyo inamtaka daktari apime kalisi ya damu na homoni ya tezi ndogo zilizo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi. Ikiwa homoni hiyo imepungua, na mara nyingi chanzo ni upasuaji wa shingo uliofanywa zamani na kusahauliwa, mgonjwa huhitaji kalisi na vitamini D, na degedege zinaweza kukoma. Kipimo cha damu kinachomaliza kazi hiyo ni cha bei ndogo kuliko picha yenyewe.

Wataalamu wa picha, kama wawindaji, wamejaza msitu wao kwa wanyama. Katika ugonjwa wa Wilson, ambao Kinnier Wilson aliueleza London mwaka 1912, madini ya shaba hushindwa kutoka mwilini na hujikusanya kwenye ini na ubongo. Kipande cha MRI kinachokata ubongo wa kati huweza kuonyesha kitu kinachofanana kabisa na uso wa panda, masikio na macho yakiwa mahali pake. Katika ugonjwa mwingine, chuma hujaa kwenye kinundu na kukifanya cheusi huku kitovu chake kikibaki cheupe, na wao huliita jicho la chui milia. Ni majina ya kuwasaidia kukumbuka, na yanasaidia. Lakini panda haonekani kwa kila mgonjwa wa Wilson, na daktari wa macho anaweza kuuona ugonjwa huohuo mapema kwa kumulika jicho na kukuta pete ya rangi ya kahawia kuzunguka mboni. Wilson hutibika kwa dawa zinazoiondoa shaba au kwa madini ya zinki. Kijana aliyeanza kutetemeka na kuongea kwa shida, akadhaniwa amerukwa na akili, anastahili kupimwa ugonjwa huu kabla hajaandikiwa dawa za akili za maisha.

Mchango mkubwa kuliko wote wa kusoma michoro ya namna hii ulitoka Amsterdam. Marjo van der Knaap, daktari wa neva za watoto, alikutana na tatizo lililowakatisha tamaa wengi: watoto wengi waliokuwa na uharibifu wa sehemu nyeupe ya ubongo hawakuwa na ugonjwa wowote unaojulikana. Vipimo vyote vya damu na mkojo vilirudi bila jibu. Badala ya kuziweka kabatini picha zao, alizipanga. Aliziangalia moja baada ya moja, akizigawa katika mafungu kwa kufuata mahali palipoharibika na mahali palipopona, akiamini kwamba watoto wasiojuana, wa nchi mbalimbali, wenye mchoro uleule, lazima wana ugonjwa uleule.

Aliamini sawa. Kutokana na mafungu hayo yalitoka magonjwa ambayo hayakuwahi kuwa na jina. Mmojawapo, alioueleza mwaka 1997 na wenzake, hufanya sehemu nyeupe ya ubongo iyeyuke taratibu na nafasi yake kujazwa maji, hadi kwenye picha ubaki ukingo mwembamba wa gamba ukizunguka kimiminika. Mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa mzima wa kutosha, kisha akaanguka na kugonga kichwa kidogo tu, au akapata homa ya mafua, na kesho yake asiweze kusimama. Jeni zake zilianza kugunduliwa mwaka 2001. Kwa kawaida sayansi huanza na kemikali ndipo itafute picha yake. Hapa picha ilitangulia na kemia ikafuata. Wazazi waliokuwa wakiambiwa kwamba ugonjwa wa mtoto wao haujulikani walipata angalau jina, na kwa jina hilo wakaweza kumlinda mtoto na homa na kuanguka, na kujua kama mimba inayofuata ina hatari.

Kuna mahali ambapo kusoma picha vibaya huvunja familia. Watoto wenye ugonjwa wa asidi ya glutari aina ya kwanza huzaliwa na kichwa kikubwa kidogo, na MRI yao huonyesha nafasi za pembeni mwa ubongo zikiwa wazi mno, kama mbawa za popo. Kwa kuwa nafasi hizo zimepanuka, vimishipa vinavyozivuka huvutika na kupasuka kirahisi, na damu hukusanyika chini ya fuvu. Daktari asiyeujua ugonjwa huo akiona damu hiyo anaweza kudhani mtoto ametikiswa au kupigwa, na wapo wazazi walioshtakiwa hivyo bila kosa. Katika kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, daktari Holmes Morton aliutambua ugonjwa huo kwa watoto wa jamii ya Waamishi waliokuwa wakidhaniwa wana mtindio wa ubongo wa kawaida, akafungua kliniki yao mwaka 1989. Alichokionyesha ni kwamba hatari kubwa huja na homa: mtoto anaacha kula, mwili unaanza kuvunja protini zake, na vinundu vya ubongo vinaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Akiwekewa dripu ya sukari mapema, anavuka. Nchini Afrika Kusini watafiti wamekuta badiliko moja la jeni ya ugonjwa huu likijirudia kwa wagonjwa Waafrika weusi, kwa hiyo si ugonjwa wa Waamishi peke yao.

Hapo ndipo mtu anapopaswa kukumbuka chumba chenyewe cha MRI. Mashine inagonga na kuvuma kwa nusu saa au zaidi, na anayepigwa picha hatakiwi kusogea. Kichanga cha wiki chache husaidiwa kwa ujanja mzuri: ananyonyeshwa hadi ashibe, anafungwa kwenye shuka kama mama afanyavyo nyumbani, anazibwa masikio, naye analala humo ndani. Mtoto mkubwa zaidi huhitaji dawa ya usingizi, na kabla ya usingizi hukatazwa kula kwa saa kadhaa. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa umetaboli, saa hizo za njaa zinaweza kuleta dhoruba ileile ambayo picha inatafuta chanzo chake. Timu makini humtundikia dripu yenye sukari tangu anapoanza kufunga. Ni jambo dogo, na linaokoa ubongo.

Kuhusu pale picha inaponyamaza, mfano wa kwanza ni upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1. Carl Wernicke aliyaeleza madhara yake kwenye ubongo mwaka 1881: kuchanganyikiwa, macho kutotembea sawasawa, na mwendo wa kuyumba. Ni wagonjwa wachache tu wanaokuwa na dalili zote tatu kwa pamoja. MRI ikiwa nzuri huonyesha weupe wa pande mbili karibu na mstari wa katikati ya ubongo, na ukionekana, unaaminika sana. Lakini takriban nusu ya wagonjwa hawaonyeshi chochote. Wengi huufikiria kuwa ugonjwa wa walevi, ilhali unampata pia mama mjamzito aliyetapika kwa wiki nyingi, na mwaka 2003 nchini Israeli uliwapata watoto wachanga waliokuwa wakinyweshwa maziwa ya soya yaliyotengenezwa bila thiamini ya kutosha. Thiamini ni ya bei ndogo na ni salama. Kumwacha mama huyo asubiri foleni ya MRI kabla ya kuchomwa sindano ya thiamini, au kumtundikia dripu ya sukari bila thiamini, ni kosa ambalo picha haiwezi kulisahihisha baadaye.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Konzo ni ugonjwa unaoifanya miguu ikakamae ghafla, wakati mwingine kwa siku moja, na isirudi tena. Jina lake ni la Kiyaka, lugha ya Kwango nchini Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika huko mwaka 1938. Unawapata hasa watoto na wanawake wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, wakati wa ukame au vita, huku mlo wao ukikosa protini ambayo mwili huihitaji kuivunja sianidi. Msumbiji ilikumbwa na mlipuko mkubwa mwaka 1981, ambako Hans Rosling alianzia utafiti wake, na Tanzania iliushuhudia Tarime mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa wawili kutoka Zaire, yaani Kongo hiyohiyo, walichunguzwa Sweden kwa MRI. Ubongo na uti wao wa mgongo ulionekana mzima. Miguu yao ilikuwa imefungwa hata hivyo, na kipimo cha kuisisimua neva kwa sumaku kutoka nje ya kichwa kilionyesha kwamba njia ya ujumbe kutoka ubongoni imekatika. Anayesema picha safi ni ubongo safi hajakutana na konzo.

Upande mwingine kabisa uko ugonjwa ambao picha huuona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Lorenzo Odone alikuwa mtoto mchangamfu aliyeishi Komoro, ambako baba yake alifanya kazi ya Benki ya Dunia. Baada ya familia kurudi Marekani alianza kuwa na hasira, kutosikia vizuri na kujikwaa, na mwaka 1984 akagundulika kuwa na adrenolukodistrofi. Katika ugonjwa huo, mafuta yenye mnyororo mrefu kupita kiasi hayavunjwi, na kwa baadhi ya wavulana mielini ya ubongo huanza kuungua. Dunia iliijua familia hiyo kupitia filamu ya mwaka 1992 kuhusu mafuta yaliyobuniwa na wazazi wake. Lorenzo alifariki Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, akiwa amekaa muda mwingi wa maisha yake bila kusema wala kutembea.

Mchoro wa ugonjwa huo kwenye MRI unatisha kwa jinsi ulivyo wazi. Kwa wengi huanzia nyuma, kwenye daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, na kusonga mbele pande zote mbili. Mgonjwa akichomwa dawa ya gadolini, ukingo wa eneo hilo hung'aa. Ni kama kutazama moto wa nyika kutoka angani: nyuma kuna majivu, mbele kuna majani mabichi, na kati yake mstari mwembamba unaowaka. Mwaka 1994 Daniel Loes na wenzake walitengeneza kipimo cha alama 34 cha kuhesabu ubongo ulioungua kiasi gani. Kipimo hicho kimekuwa cha uamuzi wa uhai, kwa kuwa kupandikizwa uloto wa mifupa kunaweza kuuzima moto huo, lakini alama zikishazidi 9 matumaini hupungua sana. Mafuta ya Lorenzo hayakuweza kuuzima kwa watoto walioanza kuugua. Leo mvulana mwenye jeni hiyo hupigwa MRI kila miezi sita kati ya umri wa miaka 3 na 12, akiwa anacheza mpira na kwenda shule kama wenzake, ili ukingo unaong'aa unaswe ukiwa bado mdogo. Kwa ugonjwa huu picha haithibitishi tu jina; ndiyo inayotoa ratiba ya tiba.

Katika Afrika Mashariki mashine za MRI zipo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na miji mingine mikubwa. Mgonjwa wa kijijini huifikia baada ya nauli, kulala mjini, na malipo ambayo familia nyingi huyapata kwa kuuza mifugo au kuchangisha. Juhudi za kuisogeza zimeanza. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu matumizi ya mashine ndogo ya tesla 0.064 inayosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani, na mashine za aina hiyo zimefanyiwa utafiti barani Afrika. Mwaka 2022, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kwa kushirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunda kwa mikono yao mashine ya sumaku dhaifu iliyolenga hasa watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Ni hatua ya kujivunia. Itaona maji yaliyojaa, na pengine uharibifu mkubwa wa pande mbili. Haitaona kilele kilichokosekana, kwa sababu kwenye sumaku dhaifu vilele vyote hubanana hadi visitofautishwe.

Lakini pengo kubwa zaidi liko nyuma ya picha. MRI ya mtoto inaweza kurudi na maandishi yanayosema uharibifu wa pande mbili, fikiria ugonjwa wa umetaboli, na safari ikaishia kwenye faili. Maandishi hayo hayamtibu mtu. Yanahitaji maabara ya kupima amonia kwenye damu iliyowekwa kwenye barafu na kufikishwa upesi, asidi ya lakti, asidi za mkojo, shaba, na mafuta yenye mnyororo mrefu. Vingi kati ya vipimo hivyo bado husafirishwa nje ya nchi, na majibu huja wakati mtoto ameshapoteza uwezo wa kushika kijiko. Hospitali inayonunua MRI bila kujenga maabara hiyo imenunua nusu ya uchunguzi. Na inayoweza kupima sukari, amonia na asidi ya lakti usiku huohuo, hata bila MRI, itaokoa watoto wengi zaidi.

Mwaka 2023 Marekani iliuingiza upungufu wa GAMT kwenye orodha ya magonjwa yanayopendekezwa kupimwa kwa kila mtoto mchanga. Tone la damu la kisigino hukaushwa kwenye karatasi, na mtoto kama yule wa Göttingen huweza kuanza kreatini kabla mtu yeyote hajafikiria kumpiga picha. Katika Afrika Mashariki kipimo hicho bado si sehemu ya huduma ya kawaida ya kichanga. Picha inabaki kuwa mlango wa kwanza, na mtoto huufikia akiwa na miaka miwili au mitatu, amebebwa mgongoni, wakati wenzake aliozaliwa nao wanakimbia uani.